Reli Fupi ya Nyasuguta

Kila siku, omena, dagaa wa ziwani walioanikwa ufuoni, inapoanza kukauka mgongo, Nyasuguta binti Gichana huinuka kwenye kiti chake cha kamba, hufuta mikono kwenye leso, huchukua kipande cha nondo kilichoegemezwa mlangoni, na kugonga reli. Hagongi kwa haraka wala kwa kusitasita. Hugonga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamo ndani. Kisha hurudisha nondo mahali pake, huketi, na kuendelea na chai yake kana kwamba si yeye aliyewafanya wanawake wote wa ufuo ule wainame kwa pamoja.

Maana wakiisikia reli, wanawake huacha walichokuwa wakifanya, umbea ukiwemo, hushika pembe za nyavu na kugeuza omena. Lazima igeuzwe kwa pamoja. Ufuo ni mwembamba na nyavu zimetandazwa zikigusana, kwa hiyo anayegeuza peke yake huwarushia wenzake mchanga. Mchanga ukishaingia kwenye omena, mnunuzi huonja moja tu, akatema, akawasha gari na kwenda ufuo mwingine.

Reli yenyewe ni pande la chuma lisilozidi mkono wa mtu mzima. Linaning'inia kwa mnyororo kwenye boriti la baraza ya jengo la mawe, jengo lenye dirisha moja dogo la kukatia tiketi ambalo halijakata tiketi tangu wengi wa wanawake wale hawajazaliwa. Ndiyo reli pekee iliyowahi kufika pale.

Kijiji kina jina lake la zamani, lakini ukilitaja kwa majirani wa Kisegi watu watakuangalia tu. Sema "Stesheni" na kila mtu ataelewa. Mgeni akifika huuliza treni ilikuwa ikipita wapi, nao humwonyesha ziwa. Stesheni ilikuwa ya reli kweli, ila treni yake ilikuwa meli. Shirika la reli la enzi zile lilikuwa na meli zake ziwani, na pale palikuwa na gati, ghala la pamba na karanga, chumba cha karani, na nyumba mbili ndogo za wafanyakazi. Mtu alikata tiketi dirishani, akapanda meli mpaka Kisumu, na kwa tiketi ile ile akaingia kwenye behewa na kulala akielekea Nairobi. Wazee walioifanya safari ile bado hujidai nayo, ingawa baadhi yao walifika Kisumu tu wakarudi.

Stesheni ilipofunguliwa, karani aliomba aletewe kengele ya kuwatangazia abiria meli. Alingoja sana. Mwishowe meli ikashusha pande la reli na nondo ya kuligongea. Wenyeji walicheka mpaka wakakaa chini. "Reli yetu imefika," walisema, "ila imekuja fupi."

Baba yake Nyasuguta ndiye aliyeipachika. Gichana alikuwa Mkuria kutoka upande wa Kehancha, mtu wa mlimani aliyekuja kutafuta kazi ya uhamali kwenye maji. Aliwashangaza wenyeji kwa mambo mawili: alibeba gunia la pamba kila bega, na alijifunza kuogelea akiwa mtu mzima. Hata hivyo alikuwa jadak, yaani mtu aliyekaribishwa kwenye ardhi ya watu wengine. Jadak hulima akiruhusiwa, hujenga akiruhusiwa, na akifa ndugu zake huja kumchukua. Nyasuguta alizaliwa katika mojawapo ya zile nyumba ndogo, akakua akiongea Kikuria na mama yake, Kijaluo na watoto wa ufuoni, na Kiswahili na karani. Wakigombana naye, watoto walimwambia, "Rudi kwenu." Naye aliwajibu kwa Kijaluo kizuri kuliko chao kwamba kwao ndipo pale.

Alikuwa msichana wa kuanza kuvunja ungo siku mtumbwi uliotoka sokoni ulipopinduka kwa upepo, mbele ya macho ya watu wote. Gichana alijitupa majini na hamali mwenzake. Waliwavuta watu wengi, mmoja wao ndugu wa mzee Wangwe, mwenye ardhi ile. Gichana alirudi tena kuwafuata waliobaki, na hakuonekana tena. Walimtafuta mpaka visiwani. Ziwa halikumrudisha.

Watu wa ziwa wanajua la kufanya maji yanapokatalia na mtu. Huenda kwenye mti wa yago, ule wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kwa kamba zake, wakachuma tunda moja, wakalifunga sanda, wakalilaza, wakalililia usiku na mchana kama wanavyolilia maiti, kisha wakalizika. Kuanzia hapo mtu huyo amezikwa. Mkewe ni mjane halali, watoto wake wana kaburi la kusafisha, na jina lake laweza kupewa mjukuu.

Ndugu za Gichana walikuja kutoka Kehancha kuchukua maiti, wakakuta hakuna. Walipokuwa wakijiuliza watasema nini nyumbani, mzee Wangwe alitokea njiani, amebeba tunda la yago begani yeye mwenyewe, kwa mkono ule ule aliozoea kushikia fimbo. Alisema, "Huyu alikufa akitoa watu wangu majini. Atalala kwangu." Wakamzika nyuma ya stesheni. Jadak akapata kaburi kwenye ardhi ya watu, jambo ambalo halikuwahi kuonekana ufuo ule.

Mengine ya maisha yake Nyasuguta huyasimulia kwa maneno machache. Mama yake alirudi Kehancha na wadogo zake. Yeye aliolewa huko Suna, na mwanamume mwenye baiskeli na hasira. Alivumilia kwa muda, kisha siku moja akafunga mtoto mgongoni na kuteremka mpaka ufuoni. Karani, ambaye sasa alikuwa mzee, alimruhusu kuuza chai barazani. Mtoto alikua, akasoma, akaenda zake Mombasa. Meli zikapungua, zikaacha kuja. Karani aliendelea kugonga reli kwa mazoea, na alipostaafu alimkabidhi Nyasuguta nondo bila hotuba yoyote. Gugumaji likaziba gati, likaondoka, likarudi. Juzi juzi ziwa lilipopanda, gati likazama lote. Siku maji yakitulia huonekana kama kivuli cha mnyama aliyelala. Lakini jengo limesimama juu ya mawe yake, na wanawake wa omena, waliokuwa wameanza kutega sikio kwa reli hata kabla ya karani kuondoka, hawakuacha kuitegea.

Vijana huwacheka. Kila mtu ana simu siku hizi, wanasema, ya nini kungoja chuma? Trizah, mjane mwenye sauti kubwa kuliko ufuo mzima, huwajibu, "Njoo uishike hiyo simu yako kwa mikono hii yangu yenye shombo, halafu uone kama utaitaka tena."

Basi ndivyo ilivyokuwa mpaka Zadock aliporudi.

Zadock Wangwe ni mjukuu wa yule mzee. Amekaa Nairobi miaka mingi na si mtu mbaya. Kila Krismasi huchinja ng'ombe na watu hula. Alikuja na wapimaji wa ardhi na picha kubwa iliyochorwa kwenye kompyuta. Kwenye picha, mahali pa stesheni pamejengwa hoteli nyeupe yenye bwawa la kuogelea.

"Bwawa?" Trizah aliuliza. "Kando ya ziwa?"

"Wageni wanapenda maji safi, mama."

"Na haya tunayokunywa sisi?"

Wanawake wakacheka, naye Zadock akacheka nao, maana wakati huo bado walikuwa wanapendana. Kisha akaketi barazani karibu na Nyasuguta, akakubali chai, akamweleza kwa upole. Ardhi ni ya babu yake. Shirika la reli liliazimwa tu. Aliyeazimwa ameondoka, na kitu kimerudi kwa mwenyewe. Hamfukuzi. Atamkodishia chumba kizuri Suna, au akipenda atampeleka kwa gari mpaka kwao Kehancha.

"Kwetu Kehancha nani ananijua?" Nyasuguta aliuliza.

"Ni watu wako."

"Watu wangu wako pale wanaanika samaki."

Zadock alikunywa chai yake yote kabla ya kusema tena. "Mama, nakuheshimu sana. Lakini wewe ni jadak, na unajua. Kuanzia Jumatatu wapimaji wataanza kazi, na hicho chuma kisigongwe tena. Wageni hawalipi pesa ili waje kuamshwa na chuma."

"Wageni gani hao," Trizah alidakia kutoka kwenye nyavu, "wanaolala mpaka omena inakauka?"

Safari hii Zadock hakucheka.

Jumapili ile Nyasuguta hakwenda kanisani. Alifagia kaburi la baba yake, akapanga upya mawe yaliyolizunguka, akakaa. Alijua sheria za kukaa kwenye ardhi ya watu kuliko yeyote, kwa sababu ndizo alizolelewa nazo: usiongee kwa sauti, usipande mti wa kudumu, usisahau kwamba ulikaribishwa. Alikuwa amezitii maisha yake yote. Kama angeondolewa pale, asingekuwa na mahali pengine pa kuitwa kwake, si pa kuishi wala pa kuzikiwa, na baba yake angebaki chini ya hoteli. Hili ndilo lililomuuma. Si chumba cha Suna. Ni baba yake kukanyagwa na watu waliovaa kandambili wakielekea kuogelea.

Jumatatu jua lilipanda kama kawaida. Omena ilianza kung'aa. Zadock alisimama barazani na wapimaji wake wawili, mikono mfukoni, kando kabisa ya reli. Ufuoni wanawake waliinua vichwa kutazama barazani. Kwenye pikapu iliyokuja kuchukua magunia, Aliya, binti wa Hemed mwenye duka la nafaka Suna, alifunga kitabu alichokuwa akisoma. Aliya alikuwa amemaliza chuo kikuu na bado hajapata kazi, kwa hiyo baba yake alimtuma na dereva kununua omena. Kwa muda wote aliokuwa akija pale hakuwahi kusema zaidi ya "Shikamoo" na "Asante". Kila safari aliagiza chai, akaketi pembeni ya baraza, akasoma.

Nyasuguta aliinuka. Alifuta mikono kwenye leso, na alifuta muda mrefu kuliko siku zote. Akachukua nondo. Akapita katikati ya wapimaji kama anayepita katikati ya mbuzi, akagonga.

Ufuoni wanawake waliinama pamoja, nyavu zikapinduka, na mng'ao wa fedha ukageuka wote kwa mara moja.

"Mama," Zadock alisema, akiwa amekasirika na wakati huo huo akiwa na haya, "nimekuomba vizuri." Akaichukua nondo mkononi mwake, akaiweka ndani ya buti ya gari lake.

Kesho yake Nyasuguta aligonga kwa mchi wa kinu. Zadock akauchukua na mchi.

"Chukua," Nyasuguta alimwambia. "Utachukua vyombo vyangu vyote, mwanangu, na bado sitakosa cha kugongea."

Siku iliyofuata aligonga kwa jiwe, na Zadock akaliangalia lile jiwe, akaangalia ufuo mzima uliojaa mawe, akaingia kwenye gari. Ndipo alipokwenda kwa naibu wa chifu kuomba baraza.

Baraza lilifanyika Alhamisi asubuhi, pale pale stesheni. Bonface, naibu wa chifu, aliketi mbele na kofia yake magotini. Wazee walipewa viti, vijana walisimama, na wanawake waliketi upande wa ziwa ili waendelee kuangalia omena yao. Aliya alikuwapo, pikapu ilikuwa ikingoja samaki wakauke, na dereva amelala.

Zadock aliongea vizuri, hakuna aliyeweza kukana. Alitaja ajira. Alitaja taa za barabarani. Vijana walimpigia makofi. Alimsifu Nyasuguta kwa kutunza jengo, akasema mtu akitunziwa nyumba husema asante, lakini nyumba haigeuki kuwa ya mtunzaji. Wazee kadhaa waliitikia kwa vichwa, maana huo ulikuwa ukweli na ndiyo desturi yenyewe. Nyasuguta aliona vichwa vile vikiinama, akaona jambo linaisha.

Mzee mmoja aliyeketi mwisho akakohoa. "Na kaburi?"

"Kaburi lipi?" Zadock aliuliza.

"La Gichana. Hapo nyuma."

Hapo ndipo Zadock alipokosea. Labda kwa sababu makofi yalikuwa bado masikioni mwake. Labda kwa sababu alikuwa ameshawaeleza watu wa benki kwamba kiwanja hakina kitu. Alitabasamu, akanyoosha mikono kama mtu anayeonyesha kwamba ni mitupu.

"Wazee wangu, tuongee kama watu waliosoma. Hapo nyuma hakuna mtu. Kuna yago. Ni tunda tu, na lilishaoza zamani. Hatuwezi kuzuia maendeleo kwa sababu ya tunda."

Wazee waliinamisha macho. Zadock alidhani wamekubali.

Trizah akasimama. Hakupaza sauti, na kwa sababu hiyo kila mtu aligeuka.

"Zadock. Ogweno wangu alipotea na mtumbwi upande wa Rusinga. Nyinyi ndio mlionichumia yago. Baba yako alikuwepo, alishika jembe. Nilinyoa nywele. Niliketi chini siku zote za matanga. Mpaka leo kila asubuhi nafagia kaburi lake pale mlangoni." Akaifunga leso upya kiunoni. "Kumbe nimekuwa mjane wa tunda?"

"Mama, sikusema—"

"Na mwanangu?" Sauti nyingine ilitoka upande wa ziwa. Mwanamke yule hakuinuka, aliinua mkono tu. "Mwanangu naye ni tunda?"

"Na baba yetu?" alisema kijana mmoja miongoni mwa waliopiga makofi.

Ufuo ule hauna boma lisilo na kaburi la aina hiyo. Zadock alilijua hilo tangu utotoni. Alikuwa amelisahau tu Nairobi. Aligeuka huku na huku akitafuta uso wa kumsaidia, na uso alioupata ulikuwa wa shangazi yake Dolphine, dada ya baba yake, mwanamke mnene mwenye fimbo.

"Mtoto wa kaka," Dolphine alisema, "baba yako mdogo yuko wapi?"

Zadock alitazama viatu vyake.

"Nakuuliza mbele ya watu. Yule aliyekufundisha kuvua. Yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, shangazi. Kando ya lango."

"Nilidhani hapo hakuna mtu. Kwa kuwa umesoma, basi kesho tupalime, tupande mtama?"

Vijana wengine waliguna, mmoja akapiga mluzi. Zadock alitoa leso akajifuta uso. "Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha vipi?" Dolphine aliuliza, akiegemea fimbo yake.

Bonface akavaa kofia, ishara kwamba sasa anaongea kama serikali. Alisema suala la ardhi litaendelea, kila mtu ana haki yake, lakini suala la kaburi ni la wazee, na wazee ni kama wameshasema. Mpaka watakapokaa na kulimaliza, pale hapaguswi. Kisha akamgeukia Nyasuguta.

"Mama, una neno?"

Nyasuguta alisimama. Watu walijiandaa kusikia kilio au shukrani.

"Ninalo," alisema. "Anirudishie nondo yangu. Na mchi."

Kicheko kilichopasuka kiliwafanya hata wazee washike mbavu. Zadock alikwenda kwenye gari mbele ya watu wote, akafungua buti, akarudi amebeba nondo mkono mmoja na mchi mkono mwingine. Alipomfikia alivitoa kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtu kumpa mkubwa.

"Nitaleta wakili, mama," alisema kwa sauti ya chini. Si tishio lote. Nusu yake ilikuwa aibu.

"Mlete. Tutampa chai."

Alitazama ufuoni. Omena ilikuwa imeshang'aa, na saa ya kuigeuza inapita. Hakungoja Bonface afunge baraza. Alipanda ngazi, akagonga, na nusu ya mkutano ikainuka na kukimbilia nyavu, leso zikipepea, Trizah akiwapigia kelele waliochelewa. Bonface akabaki akiwahutubia wazee na viti.

Mchana magunia yalikuwa yamepakiwa. Dereva aliwasha gari, akapiga honi. Aliya hakwenda. Alikuwa amesimama karibu na kiti cha kamba, kikombe kitupu mkononi, akikizungusha kama mtu anayetafuta pa kukiweka ilhali meza iko mbele yake. Nyasuguta alimwangalia.

"Umepoteza kitu, mwanangu?"

Aliya alitikisa kichwa. Honi ikalia tena. Akatazama reli, akatazama mahali ambapo Zadock alikuwa amesimama ile Jumatatu, mikono mfukoni.

"Nyanya," alisema hatimaye, "siku ile ya kwanza, alipokuwa amesimama hapo, hukuogopa?"

Nyasuguta alikichukua kikombe mkononi mwake, akamwaga machicha ya chai uani.

"Niliogopa sana," alisema. "Lakini omena ilikuwa bado haijageuzwa."